Rangi ya Mizizi

Bondeni kwetu Stroud mto ulikuwa mwekundu
na bata walitoka majini na vifua vya waridi.
Watoto walidhani ndivyo maji yalivyo duniani kote.
Mimi nilikuwa mtia rangi; tangu kiwiko hadi kucha
mikono yangu haikujua Jumapili.

Wekundu ulikuwa wa aina mbili.
Wa maofisa ulitoka kwa wadudu wakavu wa ng'ambo,
konzi moja kwa ujira wangu wa mwezi,
na jua likiupiga ulizidi kuwaka.
Wa askari wa kawaida ulitoka kwenye mizizi
iliyosagwa, ikachemshwa, ikanuka kama zizi.
Huo ulipauka kwa mvua ya kwanza.
"Kwani watayavaa muda gani?" alisema karani,
nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikakoroga pipa.

Amerika ilipoasi, tulishiba.
Kasisi hakulisema hilo siku ya kufunga,
tulipopiga magoti kwa amri ya mfalme
matumbo yakinguruma kanisa zima,
lakini kila kikosi kilichovuka bahari
kilikuwa mkate mezani petu, na siagi juu yake.
Silas Ridler, fundi viatu,
aliyekuwa na kaka mkulima huko Pensilvania,
alifunga siku ileile akiombea upande wa pili.
Tulijua. Tuliendelea kumpelekea soli zetu.

Yeye ndiye aliyetusomea gazeti, Jumamosi, kilabuni,
gazeti lililokwisha kupita mikono minane,
limelowa bia, habari zake zina umri wa wiki saba.
Siku moja tulishangilia hadi mishumaa ikazimika
kwa ajili ya mji ambao, tulikuja kujua,
ulikuwa umeshatuponyoka.

Usiku ule alisoma majina.
Kapteni nani wa wapi, Luteni nani, mwana wa nani,
kila mmoja na cheo chake, na jeraha lake.
Akanywa funda moja. Akasoma:
"Na askari arobaini na saba."
Akageuza ukurasa. Ilikuwa bei ya ngano.

Keziah Pegler alikuwa amesimama karibu na mlango,
shali lake likichuruzika maji.
Mwanawe Enos alijiandikisha kwenye soko la jibini
kwa shilingi moja na utepe wa kofia;
koti lake nililitia rangi mimi,
au la mwenzake, nani ajuaye.
"Rudia hapo," alisema.
Silas akarudia.
"Enos wangu ni wa ngapi?"

Mtu alisogeza kigoda.
Mwingine aliuliza juu ya ngano.

Barua haikuja. Habari ya msiba nayo haikuja.
Baada ya Pasaka alikuja kwangu jioni,
akaomba nimfundishe kuhesabu, maana alikomea kwenye vidole:
hadi arobaini na saba, alisema, si zaidi.
Tulihesabu kwa vifundo vya sufu, juu ya magoti yake.
Alikuwa mwepesi wa kushika.
Alipofika mwisho alirudi mwanzo, polepole,
kama mtu anayegonga milango ya mtaa mmoja.

Kisha amani. Kengele zililia, mapipa yakapoa.
Mto ukawa mweupe tukauona mchanga wake,
na kiatu cha mtoto, na vijiko viwili.
Silas alipata barua nene kutoka kwa kaka yake;
hiyo hakutusomea.
Hatukujua kama tumeshindwa.
Tulijua tu kwamba turnipu zilikuwa zimekwisha.

Sasa Keziah anahesabu majora ghalani,
mablanketi ya kijivu, rangi isiyo na kazi yangu.
Anahesabu kwa sauti, mkono juu ya kila jora:
ishirini na tisa, thelathini,
thelathini na mbili.
Sijamuuliza kwa nini hiyo.

Kila Ijumaa karani anapiga meza:
jora moja limepungua, limekwenda wapi?
Mimi nasimama pale na mikono yangu,
ambayo bado haijatakata.